Kanda Sita za Baba, Kuanzia ya Mwisho

Harufu ya mananasi yaliyoiva kupita kiasi hunichosha kabla sijajua kwa nini nimechoka. Nikipita sokoni wakati mzigo wa mashamba ya Kiwangwa umeshushwa, na yale yaliyopasuka yamerundikwa pembeni yakichuruzika, miguu inakuwa mizito nami natafuta mahali pa kukaa. Watu hudhani ni joto. Huwa naitikia kwamba ni joto. Ni rahisi kuliko kueleza kwamba kwangu mimi ile ni harufu ya muziki wa Waingereza.

Juzi nilikuwa nimekaa hivyo, kwenye kizingiti cha duka la mtu, simu ikatoa mlio wa ujumbe. Alikuwa Nasra, mdogo wangu wa Lugoba. Nasra ni binti wa baba yangu kwa mke wake wa pili, bado yuko sekondari, na tumeonana mara chache kiasi kwamba huniamkia kama anavyomwamkia mgeni wa mama yake. Alinitumia sauti.

"Dada, shikamoo. Samahani kwa usumbufu. Zile kanda za baba, za ile bendi ya Uingereza, mama amesema nizichukue mimi. Redio bado inafanya kazi. Sasa wewe ndiye mtaalamu wa mambo haya. Nianzie ipi?"

Baba tulimzika huko huko Lugoba. Arobaini yake ndiyo kwanza imepita.

Mtaalamu. Mimi muziki sikuusomea popote. Ninachojua nimejifundisha mwenyewe, kwa kompyuta ya mitumba na video za watu wa mbali, kwa kukosea na kurudia. Kazi yangu ni kusafisha sauti: mawaidha yaliyorekodiwa karibu na jenereta, video za harusi ambazo upepo wa pwani umeyala maneno ya watu. Nikipata nafasi naandika kwenye ukurasa wangu mdogo juu ya muziki wa zamani, na hapo swali ninaloulizwa kuliko yote ni hilo hilo, bendi fulani nianzie wapi. Kwa bendi hii jibu linajulikana. Anza na albamu ya nne, ndiyo iliyowapa umaarufu na nyimbo zake zinashika upesi. Ukiipenda, rudi kwenye ya tatu, halafu ya pili. Ya kwanza ina haraka mno, na ya sita ina uchovu mno. Hizo waachie waliokwisha kuwapenda. Ni ushauri mzuri. Nimeshampa mtu nisiyemjua, nikiwa nasubiri chai ipoe.

Nasra nilimwandikia ushauri huo huo, nikaufuta. Nikaandika kwa maneno mengine, nikafuta. Nina ugonjwa huo na ninaujua: mlango nikishaufunga narudi kuujaribu, ujumbe wa mistari miwili naweza kukaa nao mpaka aliyeuliza amesahau. Lakini hii haikuwa tabia yangu peke yake. Swali lile nililiogopa.

Bendi yenyewe sitaitaja. Walioipenda wataitambua, na wengine jina halitawaongezea kitu. Walikuwa vijana wa kule Uingereza waliotoka na magitaa membamba na vinanda vya umeme wakati wazazi wetu ni vijana, wakaimba kama watu wanaokimbizwa, na nusu ya muziki uliokuja baada yao umewaiga, hata ule ambao wenyewe hawajui wamemwiga nani. Nyumbani kwetu Bagamoyo walikuwa na jina moja tu. Baba aliwaita "wale wangu".

Baba alikuwa fundi wa kurekodi kanda. Rika letu ndilo la mwisho kuikumbuka kazi hiyo. Mtu alikuja na kanda tupu, au kanda ya zamani aliyoziba vile vitundu vya juu kwa karatasi iliyotafunwa ili irekodike upya, akasema anataka nyimbo zipi na zifuatane vipi. Baba alikuwa na mashine mbili kubwa katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, akikaa katikati yake na vipokea sauti masikioni, akimrekodia huyu taarabu, yule kaswida, mwingine muziki wa dansi wa harusi ya mwanawe. Chumba kilinukia plastiki iliyopata moto na mafuta ya nazi ya nywele zake. Mimi nilikaa chini ya meza, miguuni pake, nikirudisha kanda nyuma kwa kalamu. Alisema nina mkono mzuri. Sina hakika kama amewahi kunisifia kitu kingine, au pengine sikusikia kingine.

Wale wake hakumrekodia mtu. Zilikuwa kanda sita, alizinunua Dar moja baada ya nyingine alipokuwa kijana anafanya kazi huko, kabla hajaoa. Ya kwanza ilikuwa na picha ya vijana wanne wembamba wamesimama ukutani wakitazama pembeni, kana kwamba wameambiwa kuna mtu anakuja. Ya sita haikuwa na mtu. Ilikuwa na dirisha tu, na pazia jeupe.

Kisha zikaja sidii, na wateja wakapungua mpaka wakawa wazee wawili watatu waliokuja zaidi kuzungumza kuliko kurekodi. Baba akaanza kwenda Lugoba, barabara kuu, ambako madereva wa malori walikuwa na redio za kutengeneza. Akalala huko siku moja, akalala wiki. Halafu akawa harudi. Mashine mbili zilibaki mezani zimefunikwa kanga, na kanda sita juu ya kabati. Mama hakunieleza kitu. Nikimuuliza alisema, "Yuko kazini," akaendelea kukoroga unga wa vitumbua. Mama alikuwa akiamka alfajiri kuchoma vitumbua vya kuuza, na ikifika saa sita mchana alikuwa amechoka namna ambayo hata kumuuliza jambo mara ya pili ilikuwa kama kumwongezea ndoo kichwani. Nikaacha kuuliza. Watoto wa nyumba za namna ile hujifunza kutafuta majibu kwingine.

Mimi la kwangu nililipata chuoni, kwa Maalim wa Kurani.

Chuoni kwetu, kama vyuo vingi vya pwani, mtoto haanzi msahafu kwa mwanzo wake. Akishajua Alhamdu anapelekwa mwisho kabisa, kwenye sura fupi fupi, na kutoka hapo anapanda akirudi nyuma, kutoka zile za mistari michache kuelekea zile ndefu, mpaka ahitimu juzuu ya Amma, ile ya mwisho ya msahafu. Hatukuambiwa sababu wala hatukuuliza. Tulikua tukijua kwamba jambo kubwa huanzwa kwa mwisho wake. Na ukikosea, Maalim hakukupiga. Alisema tu, "Rudi mwanzo wa sura," kwa upole uliouma kuliko bakora. Mimi nilirudishwa kila siku. Wakati mwingine nilijirudisha mwenyewe, nimesoma sawa, kwa kuhofia kwamba huenda nimekosea na Maalim hakusikia.

Kulikuwa na mwenzangu mmoja, Mwajuma. Baba yake alifanya kazi melini na sisi hatukuwahi kumtia machoni. Kuna waliosema hayupo kabisa. Siku Mwajuma alipohitimu juzuu, mama yake alileta halua na sinia la visheti, na kwenye mkeka, kando ya Maalim, alikuwa amekaa mwanamume mrefu wa kanzu mpya akipangusa jasho la shingo. Tulipotoka nje nikamvuta Mwajuma mkono.

"Baba yako amekuja lini?"

"Leo. Si nimehitimu?"

"Na kama hukuhitimu?"

Mwajuma alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama jua lina meno. "Sasa aje kufanya nini?"

Nilirudi nyumbani mbio. Juzuu yangu mimi ilikuwa mbali, na kwa namna nilivyokuwa nikirudishwa mwanzo ningehitimu nikiwa bibi kizee. Lakini juu ya kabati kulikuwa na kanda sita tu, na zilikuwa zake. Sikusudii kufananisha maneno ya Mungu na kelele za magitaa. Hata leo nikiandika naona haya kidogo. Ila mtoto ana njia moja tu ya kufanya mambo, na huitumia kwa kila kitu. Nilipanda kiti, nikazishusha, nikazipanga mkekani kwa tarakimu baba alizoziandika mgongoni, nikafunua kanga kwenye mashine moja, na nikaanza na ya sita.

Masharti niliyaweka mwenyewe. Kanda inasikilizwa upande wa kwanza na wa pili, bila kusimama, bila kuongea, bila kulala. Ikikatizwa, narudi mwanzo wa kanda. Umeme ukikatika, na ulikuwa ukikatika, narudi mwanzo. Mama akiniita, narudi mwanzo. Nikijikuta nawaza kitu kingine, narudi mwanzo, na hilo ndilo lililonitesa, kwa sababu mtu hawezi kujua kama anawaza kitu kingine mpaka ajichungulie, na kule kujichungulia nako ni kuwaza kitu kingine. Nadhani nimekuwa ndani ya chumba kile tangu siku zile.

Albamu ya sita ni ya watu waliochoka. Ngoma ziko mbali kama zinapigwa nyumba ya pili. Kinanda kinavuta sauti moja mpaka unasahau ilianza lini. Mwimbaji anaimba peke yake, taratibu, kama mtu anayezungumza na vyombo anavyoosha. Sikujua neno la Kiingereza hata moja, lakini sikudanganyika.

Mama alipitisha kichwa mlangoni. "Huyo mtu analia nini?"

"Halii mama. Anaimba."

"Analia huyo. Mtu anayelia mimi namjua." Akaondoka. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimemjibu, nikarudisha kanda mwanzo.

Kwenye ya tano ndipo nilipogundua kwamba waimbaji wako wawili. Kulikuwa na sauti ya pili, nyembamba, katika wimbo mmoja tu, nyuma kabisa, kama mtu anayeita kutoka barabarani. Kwenye ya nne yule wa sauti nyembamba alikuwa amefika mlangoni: huyu anatupa maneno, yule anarudisha, ngoma zinakwenda chini yao kwa hasira. Ndiyo albamu watu wanayoipenda, na nakubali kwamba ni nzuri. Mtoto mimi niliipenda kwa sababu walikuwa wanasemezana. Ya tatu ilinichukua siku nyingi kwa ajili ya umeme, utepe ukaanza kulegea, lakini humo walishika kiitikio kimoja wote wawili, na kinanda kilichokuwa kikinuna sasa kilikuwa kikirukaruka. Ya pili walipokezana mstari kwa mstari kama watu wanaobeba kitu kizito wakipumzishana.

Mama alisimama tena mlangoni na mwiko wake. "Hawa ndio wale wale?"

Nilitikisa kichwa kukubali, kwa sababu kutikisa kichwa nilikuwa nimekuruhusu.

"Mh," akasema. "Leo wameshiba."

Nilielewa kila kitu. Walikuwa wameachana, na sasa walikuwa wanarudiana, kanda kwa kanda, na nikiwafikisha salama mpaka ya kwanza bila kukosea, jambo litakuwa limekamilika. Sikumwambia mama. Nilitaka imshangaze.

Ya kwanza niliianza baada ya sala ya alasiri, umeme upo, mama yuko uani. Ile albamu wataalamu wanasema ina haraka mno. Ni kweli. Magitaa yake ni membamba na yana kelele kama mvua inapoanza kwenye bati, na wale wawili wanapiga kelele kwenye kipaza sauti kimoja, pumzi zinawaishia, wanaanguka kwenye kiitikio wakiwa wamechelewa na hawajali. Nilikaa nimeshika magoti. Upande wa kwanza ukaisha. Nikageuza. Nilikuwa nimefika wimbo wa mwisho kabisa niliposikia gari limesimama nje, honi ikapigwa, halafu sauti ya baba.

"Hodi!"

Alipiga hodi. Nyumbani kwake. Nililisikia neno lile likanipita, kwa kuwa niliogopa kuliwaza. Ningeliwaza ningerudi mwanzo.

"Karibu," mama alijibu, kwa sauti ile ile aliyowajibia wateja wa vitumbua.

"Mwanao yuko wapi?"

"Yumo ndani na Waingereza wako."

Wimbo ulikuwa haujaisha. Mwili wangu wote ulitaka kukimbia, nikaushika. Baba akatokea mlangoni, mwembamba kuliko alivyoondoka, na nyuma yake ikaingia harufu tamu, nzito, ya mananasi. Nikamwinulia kidole: subiri. Akasimama. Sijui alifikiri nini. Tulisikiliza wote wawili mpaka mwisho, na mwishoni kabisa, magitaa yameshanyamaza, wale watu wanacheka. Ni kicheko kifupi, kimeachwa kwenye kanda kwa bahati. Kisha kitufe kikaruka chenyewe, tak.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Nimehitimu."

"Umehitimu nini?"

"Hizi. Zote. Sasa hivi."

Akazitazama zilivyopangwa mkekani. "Ulianzia wapi?"

"Mwisho."

"Mwisho? Nani alikwambia uanzie mwisho?"

Swali sikulielewa. "Si ndivyo inavyoanzwa?"

Baba alichuchumaa mbele yangu. Alinitazama, na niliona anataka kucheka, kisha hakucheka. "Haya. Na ulisikia nini?"

"Walikuwa wameachana," nikasema. "Huyu mwenye sauti nyembamba alikuwa ameondoka zake. Sasa amerudi. Si umewasikia wanacheka?"

Aliokota ile ya sita, yenye dirisha, akaigeuza geuza. "Mimi nilizinunua moja moja, zinavyotoka," akasema taratibu. "Mimi niliwasikia wakiachana."

Nilimwonea huruma. Mtu mzima, fundi, na hakuwahi kufundishwa pa kuanzia.

Nje mwenye gari alipiga honi tena. "Fundi! Tupakie bwana, nina mzigo unanisubiri Kiwangwa! Mananasi hayajui kwamba una mazungumzo!" Lilikuwa pikapu, asubuhi lilikuwa limeleta mananasi mjini na sasa linarudi, sakafu yake bado inanata. Baba akasimama. Akaikunja ile kanga iliyokuwa imefunika mashine, akampa mama mkononi, na mama akaipokea bila kumtazama. Wakatoa mashine ya kwanza, baba na yule dereva. Mimi nilibeba waya. Nilidhani zinapelekwa kusafishwa, zimekaa sana na vumbi, kisha zitarudishwa zianze kazi. Nilikuwa na furaha, waya umenizunguka shingoni, nikipita karibu na mama nikamwambia polepole, "Nilihitimu, ndiyo maana amerudi." Mama alinishika kichwa akanibana tumboni pake, kwa nguvu.

Walipomaliza, baba aliingia tena na boksi tupu la betri akaanza kuzipanga zile kanda ndani. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Alipofika ya mwisho akasita. Akanigeuzia boksi.

"Chagua moja ubaki nayo."

Mimi hadi leo ni mtu wa kushindwa kuchagua sabuni. Nilizitazama. Nikichukua ya kwanza, zile tano zitakwenda bila kurudiana. Nikichukua ya sita, nitabaki na yule mtu anayelia peke yake. Nikichukua ya nne, kwa ajili ya utamu, itakuwa kana kwamba mengine yote sikuyajali. Na iwapo nitakosea, basi kila nilichofanya chumbani mle kitarudi mwanzo. Nilinyoosha mkono nikaurudisha. Nikaunyoosha tena.

"Chukua yoyote, mwanangu," baba akasema. "Yoyote tu."

Hakuna neno baya kama yoyote.

"Mwache mtoto," mama akasema kutoka mlangoni. "Usimpe mitihani."

Honi ikalia. Ile harufu tamu ilikuwa imejaa chumba kizima, imeizidi plastiki, imeyazidi mafuta ya nazi. Nikaanza kulia bila sauti. Baba akalifunga boksi, akalibana kwapani.

"Basi. Nitakuwekea. Siku ukijua unaitaka ipi, niambie."

Pikapu likaondoka. Nilibaki nikitafuta kosa langu liko wapi. Nilijua liko mahali: labda kile kidole nilichomwinulia, labda honi ile ilikuwa inahesabika kama kukatizwa. Ningerudi mwanzo, lakini hakukuwa na kanda ya kurudisha. Kesho yake chuoni Maalim aliponiambia, "Rudi mwanzo wa sura," nililia mpaka akanipa maji.

Baba alikuja Idd moja moja, na mimi nilipokua nilikwenda Lugoba mara chache, nikanywa chai kwa mke wake, nikarudi kabla ya jioni. Kila tulipoonana aliniuliza, "Umeshachagua?" Nami nikasema, "Bado baba." Ukawa utani wetu. Baadaye, kwenye simu, ukawa karibu ndiyo mazungumzo yetu yote: hujambo, mama hajambo, umeshachagua, bado baba. Albamu zote sita nilikuwa nazo kwenye simu hiyo hiyo, safi, bila utepe kulegea, ningeweza kuzisikiliza kwa mpangilio wowote. Haikunisaidia. Hakuwa ananiuliza juu ya muziki, na mimi nilijua, na bado sikupata jibu lililo sawa sawa la kumpa. Mara ya mwisho sauti yake ilikuwa imekwisha kupungua, inatoka mbali kama ile ya barabarani kwenye albamu ya tano. "Umeshachagua?"

"Bado baba."

"Haya. Hakuna haraka."

Sasa nilikuwa kwenye kizingiti cha watu, jibu la Nasra likiwa limefutwa kwa mara nyingine, na mananasi yakichuruzika mbele yangu. Nikaona nijitue mzigo kwa kuuliza badala ya kujibu. Nikamwandikia: Baba mwenyewe alikuwa anaanzia ipi?

Sauti yake ikaja upesi, nyuma yake lori likipita barabara kuu.

"Hapo ndipo penye vituko dada. Baba alikuwa anaanzia ya mwisho! Siku zote. Ile yenye dirisha. Halafu anarudi nyuma, anarudi nyuma, mama anamtania eti, we mzee, na gazeti utaanza kulisomea nyuma. Akifika ya pili, basi, anazima. Ile ya kwanza mimi sijawahi kuisikia. Nilimwomba siku moja, akasema hiyo ina mwenyewe, yuko Bagamoyo, hajaja kuichukua tu. Ndiyo maana nakuuliza wewe dada. Nisije nikaanza vibaya."

Niliisikiliza mara moja. Si kawaida yangu. Mwenye duka alitoka akaniuliza kama naumwa, nikamwambia ni joto. Aliniletea maji kwenye kikombe cha bati, nikayanywa yote, nikarudisha kikombe. Kisha nikamwandikia mdogo wangu, nikatuma bila kurudia kusoma:

Hutaanza vibaya. Anzia ya mwisho, urudi nyuma kama baba. Ukimaliza ya pili, zima, unisubiri.